Samaki wa Manyamanyama na Mganda wa Majina Matatu

Wenzangu wa masjala, siku ile ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niandike "machache kuhusu utumishi wangu" ili vijana wasome. Saa ilisimama wiki ya pili, kwa hiyo sina haraka. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yamo kwenye faili langu la siri, na najua mmeshalisoma, maana na mimi nilisoma ya wakubwa wangu wote. Nitaandika kazi yenyewe, na zaidi kazi moja iliyonitoa jasho: kuyatafuta maisha ya mchoraji mmoja ndani ya karatasi za serikali, karatasi ambazo nyingine nilizivuruga kwa mkono wangu mwenyewe.

Niliripoti masjala ya wilaya hapa Musoma nikiwa na cheti cha kupiga chapa na viatu vya kuazima. Mkuu wangu alikuwa Mzee Bwire, mtu mfupi, mpole, ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa kwa tegi, ile kamba fupi tunayofungia karatasi ndani ya faili. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akaniuliza, "Binti, faili inakuwaga na miguu?"

"Hapana, mzee."

"Basi ukiambiwa imepotea, usikubali. Uliza nani ameikalia."

Nilidhani ananitania. Wiki hiyo hiyo tulitafuta faili la viwanja siku tatu, tukalikuta chini ya makalio ya karani wa mapato, ambaye kiti chake kilikuwa na msumari. Mzee Bwire hakugomba. Alimletea gunia lililokunjwa, akachukua faili lake, akaondoka.

Halafu ikaja ile miaka ya shida. Habari za kukosa sabuni na sukari mmezisikia kwa mama zenu, sitazirudia. Nawaambia ya ofisini. Karatasi zilikuwa hazipatikani. Tuliandika nyuma ya fomu za zamani, tukipiga chapa bila kuacha nafasi, kaboni tukiitumia mpaka ukiinyanyua dirishani unamwona mtu ng'ambo. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo, na mende wakaipenda kuliko sisi. Majalada yalipochakaa tuliyageuza ndani nje, tukaandika jina jipya upande uliokuwa safi. Kwa hiyo faili kwa nje linaitwa Barabara na ndani yake, ukilifungua, jalada linasema Chanjo ya Ng'ombe. Kugeuza majalada ilikuwa kazi yangu, na niliifanya kwa bidii ya mtu ambaye hajui atakuja kuulizwa.

Miaka ikaenda, ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakajaa, majalada mapya yakaja kwa maboksi, Mzee Bwire akastaafu akahamia kwake Nyakato, hapa hapa mjini, na funguo za masjala zikabaki kwangu. Ndipo asubuhi moja akaingia Mganda.

Kila mtu mjini alimjua kwa jina hilo. Alikuwa mchoraji wa vibao na kuta. Ukiona bucha Musoma lenye ng'ombe mwenye kope ndefu kama bibi harusi, ni lake. Saluni, gereji, mashine za kusaga, hata onyo la kutojisaidia nyuma ya soko aliliandika yeye, na kwa maandishi mazuri kiasi kwamba watu walikuwa wanasimama kulisoma wakiwa katikati ya kosa lenyewe. Alikuwa ameshazeeka, mkono wa kulia unatetemeka kidogo, kofia mkononi.

"Mama Adela," akasema, "wamenipa siku kumi na nne. Nionyeshe karatasi ya serikali ya miaka kumi nyuma au zaidi, yenye jina langu, inayosema nilikuwaga hapa. Nisipoonyesha, napelekwa mpakani Sirari, navushwa nirudi Uganda kupitia Kenya."

"Una karatasi gani?"

"Mimi nimeandika majina ya watu wote wa mji huu. La kwangu sikuandikaga mahali."

Alikuwa anatabasamu, lakini kofia aliikunja mpaka ikawa kama kitambaa cha kufutia meza. Alikuwa ameoa hapa, mke anaitwa Nyafuru, wana chumba na ua huko Nyakato. Ng'ambo hakuwa amebakiwa na mtu; alitoroka fujo zilizofuata vita vya kwao Uganda akiwa kwenye mtumbwi wa wavuvi, na waliobaki nyuma yake hakuwahi kuwasikia tena. Nilimwambia akae. Nilimhurumia, nasema kweli, lakini pia nilisisimka. Miaka mingapi nimekaa na yale makaratasi bila mtu kuniuliza jambo la maana?

Jina lake halisi ni Erieza Kityo. Niliandika jina hilo kwenye kipande cha karatasi, nikaanza na kitabu cha leseni za baiskeli, kwa sababu wakati ule mtu angeweza kukosa suruali lakini baiskeli bila leseni alikamatwa. Nikamkuta, Bunda, kata ya Manyamanyama. Ila aliandikwa "Elias Mganda". Nikamuuliza vipi.

"Yule karani alisema Erieza ni refu, na mstari wa kitabu ni mfupi."

"Na Kityo?"

"Alisema hilo hata halijaribu."

Ofisa wa wageni, aliyempa zile siku kumi na nne, alikuwa mgeni mwenyewe, kijana aliyehamishiwa kutoka Dar es Salaam, mwenye adabu na rula. Alipima kila kitu. Elias si Erieza, akasema, na Mganda si ukoo. Alikuwa na haki yake, sikubishana.

Kityo akaniambia kwamba kabla ya Bunda alikaa Murangi, kijiji cha kando ya ziwa, miaka miwili, na kule aliandikwa kwenye orodha ya duka la kijiji, ile ya kugawia sukari na sabuni kwa kaya. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyempokea akiwa amelowana ufukweni. Nikafunga safari kwenda kwa balozi huyo, Mzee Maregesi. Nilimkuta anaanika furu, visamaki vidogo vya ziwani, juu ya mkeka, mke wake anafukuza kuku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umetoka serikalini?"

Sijui alijuaje. Labda ni viatu. Nilipotaja Mganda aliyeletwa na mtumbwi, mke wake akacheka, yeye hakucheka.

"Kwenye orodha hayumo Mganda," akasema.

"Orodha ninayo hapa, mzee. Kaya yako ina watu sita. Naona wewe, mama, watoto watatu, na Masatu Maregesi."

"Ndugu yangu mdogo huyo."

"Na hiki ni kitabu cha vifo cha kijiji. Masatu Maregesi alizama ziwani mwaka mmoja kabla orodha haijaandikwa."

Mke akaacha kuku wake. Yeye ndiye aliyejibu.

"Mama, kwetu mgeni akifika bila ndugu, tunampatia ukoo. Mdogo wake huyu alikuwa amekufa, jina limekaa tu. Mganda akapewa. Akala kwetu, akalala kwetu, akanichorea samaki kwenye mtungi. Angeandikwaje? Asiye na ukoo alikuwa hapewagi sukari."

"Basi njoo useme hivyo Musoma, mzee."

Mzee Maregesi aligeuza furu wake mmoja mmoja upande wa pili. "Niende kwa serikali nikaseme marehemu alikuwaga anakunywa chai? Miaka miwili? Hapana, mama. Mimi nampenda yule kijana. Akivushwa nitalia. Lakini hapo hapana."

Kijana mwenyewe alikuwa na mvi. Nilibembeleza mpaka jua likanichoma utosi, nikapewa kikapu cha furu kama pole. Walikuwa watamu, na sikuwa na furaha.

Zikabaki siku sita. Nikamweka Kityo chini, nikamwambia aache kuniambia mahali alipopendwa, aniambie mahali alipogombana, kwa sababu serikali haiandiki mtu akipendwa. Akafikiri. Halafu akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Kuna ile ya samaki," akasema.

Hoteli moja pale Manyamanyama, katika miaka ya shida, haikuwa na mchele, haikuwa na sukari, na nyama ilikuwa ya kusikia. Ilikuwa na ukuta. Mwenye hoteli akamwambia Mganda achore sangara mkubwa ukuta mzima, ili wateja wajue kwamba siku moja kutakuwa na samaki. Rangi hakuna. Akasaga makaa ya betri kupata nyeusi, akachimba udongo mwekundu, akakoroga na uji wa muhogo. Nyeupe ilihitaji chokaa, na chokaa ilikuwa kwa kibali cha ofisa biashara, Bwana Wambura. Bwana Wambura alikuwa mtu safi, haongwi, haombwi. Akamnyima. Sangara akatoka bila nyeupe, lakini akatoka na macho yaliyoachana sana, mdomo wa chini uliotangulia wa juu, na namna ya kukuangalia kana kwamba umeingia ofisini bila kubisha hodi. Bunda nzima ilikwenda kunywa maji ya moto hotelini ili imtazame Bwana Wambura akiwa na mapezi.

"Ulikusudia?" nikamuuliza.

"Mama Adela, mimi nilichora samaki. Kufanana ni kazi ya Mungu."

Bwana Wambura aliandika wilayani barua ya malalamiko. Kityo aliitwa akaonywa, na aliisikia ikisomwa: jina lake lote, alikotoka, yote. Ukuta wenyewe ulishabomolewa. Siku hizi pale pana duka la rangi za makopo kutoka Kenya. Lakini barua, kama ilipita kwetu, ilikuwa mahali.

Nilitafuta siku mbili. Faili la Malalamiko, hakuna. Biashara, hakuna. Wageni, hakuna. Niligeuza majalada yote niliyoyageuza ujanani, nikijilaani. Siku ya tatu nikaenda Nyakato kwa Mzee Bwire, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri hata kwa miwani ile ile. Nikamweleza.

"Barua ilihusu nini?" akauliza.

"Samaki aliyechorwa."

"Mwaka ule nani alikuwa anapokeaga barua?"

"Mimi, mzee."

"Na mwaka ule ulikuwa na akili gani?"

Sikumaliza hata chai. Nilirudi ofisini mbio, nikatoa faili la Uvuvi, na pale, kati ya taarifa ya nyavu haramu na bei ya dagaa, ikawa imekaa kimya. Nakala ya kaboni, nyuma ya fomu ya mgao. Pembeni, kwa mwandiko wangu wa kisichana: "Samaki. Uvuvi." Kichwa cha barua kilisema "Yah: Kudhalilishwa na Picha", na ndani yake: "mgeni kutoka Uganda aitwaye Erieza Kityo, mkazi wa Manyamanyama, ambaye amenichora bila idhini yangu katika umbo la sangara." Nilicheka peke yangu kati ya makabati mpaka karani wa pili akaja kuangalia kama nimepatwa na jambo.

Ofisa wa wageni aliisoma mara mbili. Tarehe nzuri, akasema, jina zuri. Lakini hii ni nakala, haina sahihi. Aliyeiandika yuko wapi?

Yuko Butiama, amestaafu. Nikapanda lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, siku ikiwa imebaki moja na nusu, nikamkuta Bwana Wambura anakaza mwiba kwenye boma la ng'ombe. Wenzangu, nilikuwa sijawahi kumwona kwa karibu. Nilishukuru kwamba nilikuwa nimeshacheka siku iliyotangulia.

Nilimwamkia, nikampa barua. Aliisoma polepole, mpaka mwisho, akairudia aya ya pili kwa sauti.

"Nilikuwaga najua kuandika," akasema. "Halafu hii barua haijajibiwa mpaka leo. Mnajua hilo?"

"Tunajua, mzee. Tunaomba radhi."

"Huyo mtu yuko bado?"

"Yuko. Wanataka kumvusha."

"Vizuri."

Akarudi kwenye mwiba wake. Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima kumwambia habari za huruma, za mke, za mkono unaotetemeka. Nikamtazama, nikaona huruma haitafika. Nikasema, "Sawa, mzee. Ila shida ni moja tu. Wanasema hakuwepo Bunda mwaka ule. Sasa ikiandikwa hivyo, na barua yako itaandikwa kuwa ya uongo. Kwamba ofisa biashara alilalamika juu ya mtu ambaye hayupo."

Akaweka panga chini. "Nani atasema mimi mwongo?"

"Ofisi, mzee. Si mimi."

"Kesho saa ngapi?"

Sijivunii sana. Najivunia kiasi.

Kesho yake alifika kabla yangu, suti imepigwa pasi, kitambulisho chake cha zamani mfukoni. Ofisa alitukalisha watatu: mimi, Kityo, na Bwana Wambura ambaye aligeuza kiti ili asikae akimtazama Mganda. Akaulizwa kama barua ni yake. Ni yake. Kama mambo yaliyomo ni kweli. Akasimama kujibu.

"Kila neno. Nilidhalilishwa mbele ya wilaya nzima. Watoto wa shule walikuwaga wananipigia kelele, wanasema nirudi majini. Mke wangu mwenyewe alikwenda kutazama. Mara mbili!"

"Na mzee huyu hapa ndiye aliyekuchora?"

Bwana Wambura akamgeukia Kityo kwa mara ya kwanza. Alimwangalia muda mrefu. Nikaona uso wake unalegea.

"Yule alikuwa kijana," akasema. "Alikuwa na nywele nyeusi. Huyu... sijui. Mimi siwezi kuapa kitu nisichokijua."

Alikuwa mtu safi, nimeshawaambia. Wakati huo niliuchukia usafi wake wote.  Kityo aliangalia mikono yake. Ofisa akafunga kifuniko cha kalamu, nikajua anatafuta namna ya kutuambia kwa adabu. Nikasema, "Mpe karatasi."

"Ya nini, mama?"

"Kama ndiye, mkono utasema. Mpe karatasi na kalamu."

Ofisa alisita, akageuza fomu moja iliyoharibika, akaisukuma mezani. Kityo aliichukua ile kalamu ya wino kwa mkono wa kulia, na ilipoanza kutetemeka akaishika kwa mikono miwili. Alichora mgongo kwanza, mstari mmoja. Mapezi. Halafu akasita, akamtupia Bwana Wambura jicho mara moja tu, kama fundi nguo anayepima bega kwa macho, akaweka jicho la kwanza. Akaenda mbali, akaweka la pili. Mdomo wa juu. Mdomo wa chini.

 Ofisa aliitazama ile karatasi, akamtazama Bwana Wambura, akairudia karatasi. Akang'ata midomo yake kwa ndani. Mimi niliangalia dirishani, na nikakazana na lile dirisha.

Bwana Wambura aliinama juu ya meza. Mshipa ukamtoka shingoni.

"Ndiye!" akapiga kelele, ngumi mezani. "Huyu huyu! Kwa Mungu aliye juu, naapa, hakuna mwingine! Anarudia! Mbele yako, bwana mkubwa, anarudia!"

"Una hakika, mzee?" Ofisa aliuliza kwa sauti nyembamba sana.

"Nina hakika? Angalia mwenyewe hilo limdomo!"

Ofisa akaandika. Aliandika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kichwa chini, mabega yanamtikisika. Kisha akavuta mhuri, akaugonga mara moja kwenye barua na mara moja kwenye fomu ya Kityo, akasema anaweza kukaa. Bwana Wambura akataka kujua kama sasa malalamiko yake yamejibiwa. Ofisa akasema yamejibiwa, na akampa nakala. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani, akampa Kityo mkono kabla hajakumbuka kwamba hampi.

Nilitoka na Kityo. Nje, kwenye benchi la ukutani, alikuwa amekaa Nyafuru, mke wake, tangu asubuhi. Sikumwona wakati naingia. Miguuni mwake palikuwa na mifuko miwili ya safari, yote imefungwa kwa kamba. Kityo alimnyooshea ile fomu. Hakuisoma, hakujua kusoma, aliangalia mhuri tu, halafu akaangalia uso wa mume wake, halafu akafunika mdomo kwa kanga.

Nikamuuliza, ili nami nipate la kusema, huu wa pili ni wa nani.

"Ni wangu," akasema. "Mama Adela, ulifikiri ataenda peke yake?"

Nyafuru hakuwa amewahi kuvuka hata daraja la Kirumi, njia ya kwenda Sirari. Niliinama nikabeba mfuko mmoja, yeye akabeba mwingine, na Kityo tukamwachia karatasi aishike kwa mikono miwili mpaka nyumbani.